Siku Niliyompiga Picha Mama Mkwe

Aliyewaambia kwamba mtu huizoea thieta, chumba cha upasuaji, hadi hofu imwishe amewadanganya, na kama ni mwalimu wenu, mwambieni ni mimi nimesema. Nimepiga eksirei hapa Kakamega mpaka nywele zikaisha zenyewe bila kinyozi, na sikuacha kuogopa. Nilichojifunza ni kuogopa huku mikono inaendelea na kazi. Hayo ndiyo nataka kuwasimulia nyinyi mnaoingia kazini sasa, na nitayasimulia kwa mtindo wangu wa kuzungukazunguka. Mwenye haraka aende akanywe chai kwanza.

Nyinyi mmekuta mambo yamenyooka. Mzee akianguka na kuvunjika nyonga, daktari anafungua mahali padogo ubavuni, pa kuingiza kidole tu, anapitisha chuma ndani ya mfupa wa paja, anakaza na skrubu, na mzee anaambiwa asimame kabla hata hajaanza kuuzoea uji wa wodini. Mkato mdogo, damu kidogo, watu wanashukuru. Lakini hebu jiulizeni: mkato ukiwa mdogo hivyo, daktari anaona nini huko ndani? Haoni kitu. Anachoona ni picha yako. Wewe ndiye unayeisukuma ile mashine yenye mkono uliopinda kama herufi C, unauzungusha juu ya mgonjwa na chini yake, unabonyeza, na mfupa unatokea kwenye skrini. Daktari akisema "piga", unapiga. Ukimpa picha mbovu, atapeleka chuma mahali pabovu, na aliyelala pale ni nyanya ya mtu.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa ya kutisha kwa namna nyingine. Mzee alifungwa kamba mguuni, kamba ikapitishwa kwenye kigurudumu mwisho wa kitanda, na huko chini ukaning'inizwa mfuko wa mchanga uvute mfupa. Alale hivyo, chali, mpaka mfupa ushike. Wengine ulishika. Wengine mgongo uliingia vidonda na kifua kikajaa kabla mfupa haujashika. Mimi nilikuwa naitwa wodini na mashine ya kusukuma nimpige picha ya kifua mzee aliyeletwa kwa ajili ya mguu, na nikiinua filamu kwenye mwanga na kuona mapafu yamekuwa meupe, nilikuwa natafuta sababu ya kutomwangalia usoni. Nyonga ya mzee haiui yenyewe, vijana. Kulala ndiko kunakoua. Ndiyo maana mtasikia madaktari wanagombana na saa.

Aliyenifundisha kazi ya thieta ni mzee Makokha, mtu mrefu, mkimya, aliyekuwa anatafuna njugu kwenye korido na kuyameza maganda ya ndani yote. Nilipoanza na ile mashine mpya niliwahi kumwekea daktari picha juu chini. Daktari akaitazama, akaniuliza kama mgonjwa amelala ama amesimama kwa kichwa. Thieta nzima ilicheka, isipokuwa Makokha. Alinivuta kando akanionyesha namna ya kubandika vipande vya plasta sakafuni, kimoja mahali magurudumu yanaposimama kwa picha ya mbele, kingine kwa picha ya ubavu, ili nikiitwa nirudi palepale bila kubahatisha. Fanyeni hivyo hata kama wenzenu watawacheka. Plasta ni ya bei rahisi kuliko nyonga.

Jambo la pili alilonifundisha lilinikosesha usingizi. Kabla ya chuma kuingia, daktari hutanguliza waya mwembamba wa kuonyesha njia. Waya unapita kwenye mfupa hadi kichwani, pale paja linapoingia kwenye kikombe cha nyonga. Kisha drili yenye tundu katikati inavishwa juu ya waya na kufuata njia hiyo hiyo. Wakati mwingine drili inaukaba waya. Ikiukaba, inausukuma mbele yake, na ule waya hauna akili ya kusimama. Unapita mfupa, unapita kikombe, na ng'ambo yake kuna kibofu, matumbo, na mishipa ya damu minene kama kidole.

"Usiangalie mfupa," Makokha aliniambia. "Mfupa haiendi mahali. Angalia ncha ya waya. Macho yako ikae hapo tu."

Nikamuuliza kama amewahi kuuona waya ukienda. Akasema amewahi. Nikamuuliza mgonjwa alikuwaje. Mzee aliinuka akaenda kunawa mikono, akanawa muda mrefu, na hakurudi kwenye mazungumzo yale tena hadi alipostaafu.

Sasa niwaambie ya mama mkwe.

Najua wengi wenu ni watoto wa mjini. Mmoja wenu aliniambia, "Mzee, mimi na mathe wa bibi yangu tunapiganga stori kwa WhatsApp mpaka usiku." Hongera. Sisi tuliolelewa Khwisero, mkwe na mama mkwe hawashikani mikono. Hamketi viti vinavyotazamana. Akija kwako halali humo. Mkikutana njiani, mmoja anachepuka, na salamu zinatolewa kwa mbali macho yakiwa chini. Si chuki, wala si ushamba. Ni heshima, na nilimheshimu mama yule kuliko watu wote, kwa sababu alinipa binti yake Jenifa wakati sina hata baiskeli. Miaka yote hiyo tulisalimiana mimi nikiwa uani na yeye akiwa ndani. Uso wake niliujua kidogo. Sauti yake niliijua sana, na yangu aliijua.

Alianguka akifukuza kuku waliovamia mahindi aliyoanika. Majirani wakambeba ndani, wakamwita mtu wa kuunga mifupa, naye akamkanda na kumfunga vijiti. Simlaumu, alimfanyia anachokijua, lakini nyonga haifungwi vijiti. Jenifa alipopata habari tayari mama alikuwa hajiinui hata kwenda haja, na alikuwa ameanza kikohozi. Tulimleta Kakamega kwa gari la kukodi, yeye nyuma na binti yake, mimi nikifuata kwa pikipiki ili nisikae naye gari moja.

Nilimwomba mwenzangu mmoja ampige picha ya nyonga huko nje. Nilipoiona filamu, mfupa wa paja ulikuwa umekatika chini ya shingo yake, pale nyongani, na mguu umejigeuza nje. Niliona pia ya kifua. Chini upande wa kulia kulikuwa kumeanza kuwa na ule weupe. Nilijua ninachokiangalia. Nilikaa kwenye ngazi za nyuma za idara yetu, nimeikalia mikono.

Daktari wetu wa mifupa alikuwa mama mmoja aitwaye Khavere, mdogo wa umri, mkali wa maneno. Alisema mgonjwa aingie thieta kesho yake asubuhi. Nikamweleza shida yangu. Tulikuwa wawili tu tuliojua kuiendesha ile mashine, mimi na kijana Wafula, na Wafula alikuwa Eldoret masomoni, hangerudi mpaka wiki ifuatayo.

"Basi ni wewe," daktari akasema.

"Daktari, huyo ni mama mkwe wangu. Meza ile unaijua."

Aliijua. Mgonjwa wa nyonga hufungwa kwenye meza ya kuvuta mguu, miguu imetanuliwa, nguzo yenye sponji katikati ya mapaja, na mashine inapita hapo katikati ili ipate picha ya ubavu. Mwanamume hamwoni mama mkwe wake hivyo. Kwetu, jambo kama hilo likitokea hata kwa ajali, wazee wanakaa kikao na kondoo anachinjwa.

Daktari hakucheka. Yeye naye ni wa hapa. Alisema tu, "Kifua chake umekiona. Mimi siwezi kukuambia umngojee Wafula."

Nilimpelekea Jenifa maneno hayo nikitumaini atanikataza. Alikuwa ameketi nje ya wodi na kikapu cha obusuma, ugali wetu, ambao mama amekataa kula. Aliniangalia mpaka nikaona haya.

"Ukimngoja Wafula, umngoje na sanduku," akasema.

Hapo hapo tukapanga. Mama asijue. Jenifa alimwambia kwamba nimetumwa kazi Bungoma. Mimi nitaingia kila kitu kikishafunikwa, nitafanya kazi, nitatoka, na sitafungua mdomo. Alikuwa hatalazwa usingizi, kwa sababu kifua kile kisingevumilia. Angechomwa sindano ya uti wa mgongo inayoua maumivu kuanzia kiunoni kushuka, na kichwani awe macho, akisikia kila kitu. Kwa hivyo kunyamaza kwangu ndiko kulikokuwa nguo yake.

Asubuhi ile Sista Ayuma, muuguzi wa thieta, ndiye aliyenibandikia plasta sakafuni nikiwa nje mlangoni. Walimfunga mezani, wakamsafisha, wakamfunika mashuka ya kijani hadi kidevuni, na shuka moja ikatundikwa mbele ya uso wake kama pazia. Ndipo nikaingia. Niliingia kinyumenyume, naivuta mashine, macho kwenye plasta, aproni nzito ya risasi, ya kuzuia miale, inanigonga magoti. Sista Ayuma alifumba macho asicheke. Ingekuwa siku nyingine hata mimi ningecheka.

Nilisikia sauti ya mama nyuma ya pazia. Alikuwa anaongea na kijana wa dawa ya usingizi, aliyeketi karibu na kichwa chake.

"Hiyo kelele ni ya nini?"

"Ni drili, kukhu," kijana akajibu, akimwita nyanya kwa lugha ya kwetu. "Wanaijaribu."

"Kama ya fundi wa mbao."

"Ndiyo, kukhu."

"Basi wasinifanye kabati."

Watu wakacheka kwenye barakoa zao. Mimi nilibana meno.

Daktari alivuta mguu kwa ile meza, mfupa ukarudi mahali pake taratibu, picha baada ya picha. Nikazungusha mkono wa mashine, mbele, ubavu, mbele. Mkato ulikuwa mdogo, kama nilivyowaambia. Waya ukaingia. Mbele, safi. Ubavu, safi. Ncha ilikaa katikati ya kichwa cha mfupa, chini kidogo ya ukingo, mahali ambapo Makokha angekubali kwa kuguna. Mama alikuwa anamweleza yule kijana habari za kuku wake mmoja mwizi. Nikaanza kuamini kwamba tutamaliza.

Daktari akavisha drili. "Piga." Nikapiga. Ncha iko pale. Drili ikalia. "Piga." Nikapiga.

Ncha iligusa ukingo.

Nilijiambia labda mashine imesogea. Nikaangalia plasta sakafuni, magurudumu yako pale pale. Nilijiambia labda ni macho yangu, ni hofu. Daktari alikuwa ameinamia mkono wake, anasukuma drili polepole huku akimwambia Sista Ayuma aandae chuma, na skrini ilikuwa upande wa bega lake, hakuitazama. Drili ikalia tena. Nikabonyeza bila kuambiwa. Ncha ilikuwa imevuka ukingo wa mfupa. Ilikuwa kwenye kikombe, na inaenda.

Vijana, niliogopa hapo kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Mdomo wangu haukutaka kufunguka. Umezoea miaka na miaka kunyamaza mbele ya mama yule, na umeahidi, na heshima yake yote ilikuwa imefichwa kwenye kimya hicho. Na waya unaenda.

"Simama! Daktari, waya unatembea."

Ilitoka ile sauti yangu ya kusalimia kutoka uani. Sijui kuongea kwa sauti nyingine.

Drili ikanyamaza. Daktari aliinua macho kwenye skrini, na nikaona paji la uso wake linabadilika. Aliirudisha drili nyuma, kidogo kidogo, nami nikipiga, nikipiga, hadi ncha ikarudi chini ya ukingo. Kisha wote tukageuka kumtazama yule wa dawa ya usingizi, naye anatazama presha. Kama mshipa umetoboka, presha ingeanza kushuka. Tulisimama. Mashine ya presha ilijaza hewa, ikatoa, ikajaza tena. Namba zilikaa pale pale.

Nyuma ya pazia mama alikuwa kimya.

Mtu aliyekuwa anacheka na kusimulia habari za kuku sasa hasemi. Nikawaza mambo mawili: ama damu inamwishia ndani na namba bado hazijajua, ama ameitambua sauti yangu. Sikujua niogope lipi zaidi. Yule kijana akainama, akamuuliza, "Kukhu, uko sawa?"

"Niko."

Neno moja tu. Baada ya hapo hakusema tena. Daktari alibadilisha waya, akatoboa upya, akaingiza chuma, skrubu, akashona, sisi sote kimya kama kanisani. Nilitoka nilivyoingia, macho sakafuni.

Alipona. Niwaambie mapema msije mkakaa na roho juu. Alisimamishwa kesho yake, akatukana fremu ya kutembelea akisema ni kiti kisicho na kalio, kifua kikafunguka, akarudi Khwisero. Mimi sikukanyaga wodini. Nilikuwa nangoja kuitwa, na nilipokuwa nangoja sikuwa nakula vizuri. Nilishaulizia hata kondoo kwa jirani hapa Lurambi.

Wito ulipokuja ulikuwa wangu na Jenifa, bila wazee. Nilifika nikaketi mahali pangu, kwenye benchi nje, mgongo ukutani chini ya dirisha. Nilisikia fremu ikigonga sakafu ndani, inakuja, inasimama upande wa pili wa ukuta. Akaketi.

"Baba Trufena."

"Naam, mama."

"Ile siku ulisema simama."

"Nilisema, mama. Unisamehe. Na kondoo nimeshatafuta."

"Kondoo wacha. Wewe uliona mfupa, na mfupa haina aibu." Akakohoa kidogo, kikohozi kizuri, kikavu. "Nilijua uko ndani. Jenifa akidanganya anakunanga shingo, tangu akiwa mtoto. Alikuna ile ya Bungoma mpaka nikamhurumia."

Jenifa, aliyekuwa mlangoni, alishusha mkono haraka.

"Nililala pale nikijua ni wewe," mama akaendelea. "Sikuogopa. Nilisema hivi kwa roho yangu: huyu amenyamaza, basi kazi inaenda vizuri. Mkwe wangu hawezi kuongea mbele yangu bure. Ile siku ataongea, jua nimekufa." Fremu ikagonga sakafu mara moja. "Halafu ukaongea."

Nilishika ukingo wa benchi.

"Kutoka hapo mpaka mwisho nilikuwa nangoja kufa. Nilikuwa nasikiza ile drili, nasema sasa, sasa. Niliaga watoto wangu wote kwa majina. Kijana akaniuliza niko sawa, nikaona ananidanganya. Na ile waya yenu, ilikuwa imerudi?"

"Ilirudi, mama. Ilirudi saa ile ile."

"Na hakuna mtu aliniambia."

Hakulia, wala hakunikemea. Alilisema kama mtu anayeuliza bei ya kitu alichokwisha kununua. Mimi ndiye niliyelia, mgongo ukutani, na nadhani alisikia, kwa sababu alimtuma Jenifa aniletee maji. Tulikuwa watu wengi mle ndani, wote tumesoma, wote tumeona namba zimekaa vizuri, wote tumeshusha pumzi. Kila mmoja alijituliza mwenyewe. Aliyebaki na hofu yetu yote ni yule aliyelala mezani, amefungwa miguu, anahesabu watoto wake.

Alitembea na ile fremu mpaka ugonjwa mwingine kabisa ulipomchukua. Kuanzia siku ile ya benchi hadi nilipostaafu, kila picha ikiwa nzuri, nilisema kwa sauti. "Iko sawa, kukhu. Iko sawa, babu. Bado iko sawa." Madaktari wengine walikasirika, wakasema thieta si sokoni. Niliendelea.

Sasa ni zamu yangu. Bafuni naingia nimeshika ukuta. Mvua ikinyesha nangoja ua ukauke ndipo nitoke. Nimewaona wazee wengi mno kwenye ile skrini kiasi kwamba nikishuka ngazi naona nyonga yangu mwenyewe, nyeupe, na ule mstari mweusi unaoikata. Siku moja nitaanguka, na mmoja wenu ndiye atakayeisukuma mashine. Najua kila sauti ya chumba kile. Nitajua drili inapoingia, nitajua inapokaba. Mkiuona waya unatembea, semeni simama, mseme kwa nguvu, msimwogope mtu. Na ukirudi, jamani, mniambie. Nitakuwa macho nyuma ya ile shuka.